Saini ya Bi Leokadia

Bahasha ilikuwa imerudi ilikotoka. Karani aliitoa ndani ya faili, akaigeuza ili Begimai aione mihuri miwili ya posta upande wa nyuma, kisha akaigonga kwa ukucha.

"Uliitwa posta mara mbili," alisema. "Hukwenda."

"Sikuitwa. Sikuona karatasi yoyote."

"Mleta barua ameandika kwamba aliziacha kwenye sanduku."

"Sanduku ni la mwenye nyumba. Mimi sina sanduku."

Karani alimtazama kama mtu aliyekwisha kuisikia sentensi hiyo mara kumi tangu asubuhi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mafua, na foleni nyuma ya Begimai ilifika hadi ngazini. Akaeleza polepole kwamba kisheria barua iliyolala posta siku kumi na nne huhesabiwa kuwa imesomwa. Ofisi ya mkoa ilikuwa imemwandikia kumtaka alete uthibitisho wa makazi wenye saini ya mwenye nyumba. Barua hiyo ikahesabiwa imesomwa. Jibu halikuja. Kwa hiyo ombi lake la kibali cha ukaazi limewekwa kando bila kushughulikiwa, na kwa kuwa viza yake ilikwisha Machi, hana tena ruhusa ya kuwapo nchini.

"Naweza kufanya nini?"

"Unaweza kuomba urudishiwe muda. Siku saba tangu leo, mpaka Jumanne ijayo. Lakini siku unayoomba uwe na karatasi yenyewe mkononi: saini ya mwenye nyumba, nakala ya kitambulisho chake, namba ya hati ya nyumba. Bila hiyo usijisumbue. Na hizo siku saba zikipita, hazirudishwi." Akapiga chafya. "Unasoma nini?"

"Utambulisho, kumbukumbu na siasa za Ulaya."

"Vyote hivyo?" alisema karani, bila kejeli yoyote, akaita namba inayofuata.

* * *

Nyumba namba saba, ghorofa ya tatu, ilikuwa na vyumba vitatu na watu watatu. Chumba cha mbele, kinachotazama reli ya tramu, kilikuwa cha Bi Leokadia, mwenye miaka themanini na mmoja. Binti yake Halina, mpishi wa shule ya msingi, aliyerudi kwa mama yake baada ya talaka, alilala chumba cha kati. Chumba cha nyuma, chenye dirisha la uani, walimpangisha Begimai, Mkirgizi wa Naryn, mwanafunzi wa shahada ya pili. Kodi aliitoa mkononi kila tarehe mosi. Mkataba haukuwapo. Katika jengo lile, na katika majengo mengi ya mji wa Wrocław, Poland, watu walipangisha hivyo hivyo, maana mpangaji akishaandikishwa, walisema, hata shetani hamtoi.

Begimai alimkuta Halina jikoni akimenya bitiruti, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko. Akamweleza. Halina alisikiliza, kisha kisu kikasimama.

"Karatasi ndogo? Nyeupe, zenye nembo ya posta?"

"Sijaziona, Bi Halina. Ndiyo shida yenyewe."

Halina alifuta mikono kwenye aproni, akainua kitambaa cha plastiki kilichofunika meza. Hapo chini mama yake alihifadhi kila kitu kilichomtia shaka: risiti za pensheni, picha za watakatifu, tiketi za bahati nasibu zisizoshinda. Vikaratasi viwili vya posta vilikuwa kati ya Mtakatifu Antoni na bili ya gesi ya mwaka juzi.

"Mama!"

"Usipige kelele," Bi Leokadia alijibu kutoka chumbani. "Sikio hili bado linafanya kazi."

Akaja akiburuta ndara zake, kofia ya sufu kichwani ingawa ilikuwa mwisho wa Mei. Aliviona vikaratasi mkononi mwa binti yake. Hakushtuka.

"Hivi ni nini?" Halina aliuliza.

"Karatasi."

"Zina jina la nani?"

"Jina la binti huyu na namba ya nyumba yangu. Pamoja. Kwenye karatasi ya serikali." Aliketi. "Nikasema tuzilaze. Karatasi ya serikali ukiilaza, inasahaulika. Zamani za wale wengine, wakomunisti, tulilaza nyingi sana, baba yako na mimi. Hata kodi ya redio tuliilaza miaka kumi na moja, na redio ikaendelea kuimba."

"Zamani ni zamani, Mama! Siku hizi karatasi ikilala ndipo inapoamka! Umemfukuzisha mtoto wa watu!"

"Nani kafukuzwa? Si huyu hapa amesimama?" Bi Leokadia alimgeukia Begimai. "Mwanangu, mimi nimekufukuza?"

"Hapana, Bibi," alisema Begimai.

"Umesikia? Na Kipolandi anakisema vizuri, japo anaongea kama redio ya Moscow."

Ulikuwa utani wao wa kila siku. Begimai alikuwa amekifikia Kipolandi kwa kupitia Kirusi cha shuleni, na kwa miezi tisa bibi yule alikuwa akimkosoa matamshi huku akimwongezea sahani. Jioni ile hakuna aliyecheka. Halina aliweka karatasi ya uthibitisho mezani, ile tupu aliyokuja nayo Begimai kutoka ofisini, na kalamu juu yake.

"Tia saini, Mama. Mistari miwili tu. Na hati ya nyumba."

Bi Leokadia aliitazama kalamu kama mtu anayetazama chakula asichokijua. "Supu itaungua," alisema, akainuka, akarudi chumbani kwake na kufunga mlango. Supu ilikuwa bado haijawekwa jikoni.

* * *

Alhamisi kulikuwa na semina. Watu kumi na wawili walikaa kuzunguka meza ndefu wakijadili kama Ulaya ni mahali au ni ahadi. Mfaransa mmoja alisema ni ahadi. Msichana wa Kiholanzi alisema ni hatia iliyopangwa vizuri. Profesa Radwan, mtu mpole mwenye koti lililochakaa kwenye viwiko, aliwasikiliza wote, kisha akamgeukia Begimai kama alivyofanya kila wiki.

"Na wewe, Begimai, unayetutazama kutoka nje?"

"Nimesimama mlangoni, Profesa," alisema. "Kutoka mlangoni mtu huona vizuri, lakini upepo ni mkali."

Wakatabasamu. Mfaransa akaandika. Walidhani ni nadharia.

Semina ilipokwisha alimfuata profesa ofisini, akamweleza habari ya bahasha. Alizungumza kwa utaratibu, mikono mapajani. Utetezi wa tasnifu ulipangwa Septemba. Ufadhili ulikuwa wa mtu mwenye ukaazi halali. Ukaazi ukifa, ufadhili nao unakufa. Akirudi kwao, foleni ya viza ingefika majira ya baridi, na kanuni za programu zilitaka mtu amalize ndani ya mwaka wake.

"Hili ni jambo la aibu," alisema Profesa Radwan. Alikuwa amekasirika kweli, hata miwani ikamshuka puani. "Wewe umekusanya ushuhuda bora kuliko wote darasani. Yule bibi mwenye nyumba wako, aliyetoka Lwów, na hadithi yake ya supu! Nitakuandikia barua. Leo hii."

Akaandika ukurasa mzima kwa kalamu ya wino, akapiga mhuri wa idara. Begimai alishukuru. Mlangoni alijikaza, akauliza, "Profesa, unamjua mtu yeyote mwenye chumba? Ambaye angekubali kuandikisha?"

Profesa alitazama dirishani. Yeye na mkewe walikuwa na nyumba kubwa kando ya mto, na wanafunzi wote walikuwa wamekula keki huko mwezi wa Desemba. "Mke wangu huwa na wasiwasi na mambo ya uandikishaji," alisema. "Unajua sheria zetu zilivyo. Lakini nitauliza."

Hakuuliza. Si kwamba alisahau. Kila alipotaka kufungua kinywa mezani, alijiona akiomba jambo ambalo yeye mwenyewe hakulitaka.

Ijumaa na Jumamosi Begimai alipiga simu kuhusu vyumba kumi na kimoja. Vinane vilikuwa vimechukuliwa dakika ile ile lafudhi yake iliposikika. Vyumba viwili vilipangishwa, ndiyo, karibu, lakini bila karatasi. Cha mwisho kilikuwa cha mwanamume aliyesema kwa uchangamfu kwamba kuandikisha si tatizo, alikuwa ameshaandikisha watu thelathini na wanne kwenye chumba kile kile, na kwamba kwa msichana angepunguza bei wakikubaliana vizuri. Begimai alikata simu, akanawa mikono, ingawa simu haikuwa chafu.

Mama yake alipiga Jumamosi hiyo hiyo kutoka Naryn. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili, na nyuma yake kelele za watoto wa jirani zilisikika.

"Apa, mama yangu, kila kitu ni kizuri," alisema Begimai.

"Mbona sauti yako ina vumbi?"

"Ni mafua. Huku watu wote wana mafua."

* * *

Jumapili baada ya misa ilikuwa siku ya kumbukumbu. Tangu Oktoba, kila Jumapili, Bi Leokadia alivaa blauzi yake yenye kola ya kufumwa, akaketi kwenye kiti cha mikono, akangoja Begimai aweke simu mezani irekodi. Alipenda kuulizwa. Halina hakuwahi kumuuliza kitu, na waliokuwa wakimuuliza zamani walikwisha kufa. Saa za sauti yake zilikuwa zimefika ishirini na tatu: treni ya mizigo iliyowahamisha kutoka Lwów, mbuzi waliyemficha chini ya magodoro, mji huu, wa Wajerumani hadi vita vilipokwisha, ukiwa magofu na moshi. Na juu ya yote hadithi aliyoirudia vizuri kuliko zote, ya jinsi wao walivyofungua mlango wa nyumba hii mwaka arobaini na tano wakaikuta tupu, Wajerumani wamekimbia, na mezani supu ingali ya moto.

Jumapili ile alivaa blauzi kama kawaida. Begimai naye akaweka simu mezani kama kawaida. Kando yake akaweka ile karatasi.

"Leo nina swali moja tu, Bibi. Kwa nini hutaki?"

Halina, aliyekuwa akikaanga pierogi, sambusa zao za Kipolandi, zilizobaki za jana, alipunguza moto ili asikie.

Tramu ilipita, glasi kabatini zikalia.

"Zima hiyo," alisema hatimaye, akaonyesha simu kwa kidevu. Begimai akazima. "Nyumba haikuwa tupu."

"Samahani, Bibi?"

"Walikuwamo. Bi Hanke na Gisela wake. Waliishi kwenye chumba chako miezi tisa. Jiko moja, choo kimoja. Bi Hanke ndiye aliyemfundisha mama kuwasha lile jiko la vigae, maana lilikuwa na hila zake. Mimi na Gisela tulikuwa wa umri mmoja, miaka saba. Wakati wa baridi tulilala kitanda kimoja, makaa yalitosha chumba kimoja tu. Alinifundisha kuhesabu Kijerumani, nami nikamfundisha matusi. Alijifunza haraka kuliko mimi."

Halina aligeuka, mwiko mkononi. "Mama, hukuwahi kusema."

"Hukuwahi kuuliza. Geuza pierogi zako." Bi Leokadia alishusha sauti. "Kisha wakaja watu wawili wenye orodha. Wakamwambia mama: wewe ndiye mwenye nyumba sasa, andika hapa Wajerumani wanaolala kwako, majina na umri, utie saini. Ni kwa ajili ya kadi za mkate. Mama alifurahi. Unajua kwa nini? Hakuwahi maishani mwake kuitwa mwenye nyumba. Akaandika kwa herufi nzuri za shule. Kesho yake mchana wakarudi. Tulikuwa mezani, mama alikuwa amewakaribisha. Wakawapa dakika ishirini. Bi Hanke hakulia, alikwenda kuvaa nguo zake zote, moja juu ya nyingine. Gisela aliendelea kula mpaka wakamshika mkono. Walipotoka, supu ilikuwa bado ya moto. Hiyo supu ni kweli, binti. Sikudanganya habari ya supu."

Pierogi zilianza kunuka kuungua, na Halina hakuziondoa.

"Mama alituambia: mkiulizwa, tulikuta nyumba tupu. Nikasema hivyo shuleni. Nikasema hivyo kwa mume wangu. Nikasema hivyo hadi nikawa naiona tupu kweli." Aliinua karatasi kwa vidole viwili. "Sasa wewe unaniambia niandike jina la mtu wa chumba kile kile, nitie saini, niwape watu wa ofisi."

"Bibi, hii ni kinyume chake. Usipotia saini ndipo nitakapoondolewa."

"Ndivyo wanavyosema. Wale nao walisema kadi za mkate."

"Lakini mimi ndiye ninayekuomba. Si wao."

"Wewe ni mtoto, hujui unachoomba." Kisha jambo jingine likapita usoni mwake, dogo na gumu, na sauti yake ikabadilika. "Na tuseme ni kweli. Tuseme umekaa. Mimi nikifa, Halina atakutoaje humu? Mama alipewa nyumba hii kwa karatasi moja, mwanangu, karatasi moja tu, ndogo kuliko hii. Mtu akiingia nyumbani kwa karatasi, mwingine hutoka. Nimeishi miaka themanini na mmoja, sijaona njia ya tatu."

Begimai alikuwa amesoma vitabu vingi kuhusu jambo hili. Alijua majina ya wataalamu waliolieleza na mwaka waliolieleza. Alifungua kinywa amjibu, akaona kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuhitaji saini ya mtu kama huyu.

* * *

Jumatatu Halina alirudi mapema kutoka kazini. Mama yake alikuwa amelala usingizi wake wa mchana, na mlango wa chumba ulikuwa wazi nusu.

"Analala mpaka saa kumi," Halina alinong'ona. "Hati na kitambulisho viko kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda. Ufunguo uko shingoni, pamoja na medali ya Bikira. Huwa namvua kila wiki ninapomwogesha, wala hashtuki. Na saini yake naijua. Nilikuwa naiiga tangu darasa la nne, kwenye ripoti zangu za hesabu."

"Bi Halina..."

"Nini? Ni dakika tano. Kesho unapeleka, keshokutwa tumesahau. Yeye hatajua mpaka siku ya kiyama, na siku hiyo nitajitetea mwenyewe."

Begimai alisogea hadi mlangoni. Bi Leokadia alikuwa amelala chali, kinywa wazi, na ufunguo ulipanda na kushuka kwa pumzi yake. Ilikuwa hatua nne kutoka mlangoni hadi kitandani. Begimai alizipima kwa macho. Alifikiria Septemba, na mama yake akimwambia kila mzazi pale Naryn kwamba binti yake anasoma Ulaya. Hatua moja alikwisha kuipiga kabla hajajua.

Kisha akarudi jikoni.

"Siwezi," alisema. "Jana aliniambia kitu ambacho hakumwambia hata wewe. Siwezi leo kumwibia jina lake."

"Jina lake! Na jina lako je?"

"Siwezi, Bi Halina."

Halina alivua aproni, akaitupa kitini. Macho yake yalikuwa yamejaa, na alikasirika kwa sababu yalikuwa yamejaa. "Basi ujue wema huo utakufikisha Bishkek."

"Bishkek siyo kwetu," alisema Begimai. "Kutoka pale bado kuna saa sita za basi."

Wakacheka wote wawili, kicheko kibaya, na Halina akamkumbatia kwa nguvu kiasi kwamba bibi aligeuka usingizini. Huenda Begimai alikosea. Wako watu waaminifu ambao wangeuchukua ule ufunguo, na nisingewalaumu. Lakini yeye alikuwa amekuja kujifunza namna watu wanavyosimulia walichofanyiana nyumbani kwao, na hakutaka kuwa sura nyingine ya hadithi ile.

Jioni aliweka karatasi mezani mara ya mwisho, mbele ya sahani ya bibi. Bi Leokadia alikula supu yake akiizunguka, kama mtu anavyokula akizunguka paka aliyelala mezani.

* * *

Jumanne karani hakuwa na mafua tena. Alimkumbuka.

"Umeleta?"

Begimai alimpa barua ya Profesa Radwan, na kurasa mbili alizoziandika mwenyewe kueleza vikaratasi vilikopotelea. Hakumtaja Bi Leokadia kwa jina. Karani alisoma yote, neno kwa neno, na foleni ikanung'unika.

"Barua nzuri hii," alisema. "Inasema wewe ni sauti ambayo Ulaya inaihitaji."

"Ndiyo."

"Haisemi unalala wapi."

"Hapana."

"Nikiipokea bila ile karatasi, mkuu wangu ataitupa kesho, halafu kwenye rekodi itaonekana umekataliwa mara mbili. Siku ukiomba viza tena, hiyo itakuumiza." Akairudisha barua polepole, akiinyoosha kona. "Tunafunga saa kumi. Ukiipata kabla ya hapo, njoo moja kwa moja kwangu, usichukue namba."

Begimai alikaa kwenye benchi la korido hadi saa kumi. Alimpigia Halina mara tatu. Mara ya tatu Halina alisema, "Amejifungia, anasali rozari, haitiki," na nyuma yake mlango ulisikika ukigongwa kwa ngumi. Mlinzi alipoanza kuzima taa za korido, karani alitoka na mkoba wake, akamwona pale, akasimama. Mwishowe alisema, "Usiku mwema," ingawa jua lilikuwa bado juu.

* * *

Jumatano asubuhi Begimai alikuwa akitafuta tiketi kwenye kompyuta. Ya bei nafuu ilikuwa ya Alhamisi ya wiki iliyofuata, kupitia Istanbul. Halina alikaa naye, akijifanya anakunja nguo.

Mlango wa chumba cha mbele ukafunguka. Bi Leokadia alitoka akiwa amevaa blauzi yenye kola ya kufumwa, nywele zimechanwa na kubanwa. Hakuwa amelala, hilo lilionekana. Alishika sanduku la chuma kifuani kwa mikono miwili, akaliweka mezani, akavua ufunguo shingoni na kulifungua mbele yao. Akatoa hati ya nyumba, rangi ya chai. Akatoa kitambulisho.

"Nipe kalamu," alisema.

Hakuna aliyesogea.

"Halina, kalamu. Nimekaa nikawaza. Nikasema, mama aliandika kwa sababu waliomba wao. Huyu ameomba mwenyewe. Labda hiyo ndiyo njia ya tatu, nani ajuaye. Mimi ni mzee, nikikosea sitakosea muda mrefu." Alitazama kutoka uso hadi uso. "Leo ni Jumatatu, au siyo? Mlisema mpaka Jumanne."

Halina alifungua kinywa. "Mama, leo ni..."

Begimai alimgusa mkono chini ya meza.

"Sijachelewa?" aliuliza Bi Leokadia.

"Hujachelewa, Bibi," alisema Begimai, akampa kalamu.

Aliandika polepole, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo. Aliuliza herufi za jina la ukoo la Begimai moja moja, akaziandika zote kwa mwandiko wa shule, mwandiko mzuri. Kisha akatia saini, akapuliza wino ambao haukuhitaji kupulizwa. Halina alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwao, akitazama uani ambako hakukuwa na kitu.

"Haya," alisema bibi, na mabega yake yalishuka kama ya mtu aliyetua mzigo. "Sasa waje na orodha yao. Nitawaambia huyu ni wangu."

Begimai aliipokea karatasi kwa mikono miwili, kama wanavyopokea vitu kwao, akashukuru. Alivaa viatu, akashuka ngazi nayo, kwa sababu bibi alikuwa dirishani akimtazama. Alitembea hadi kona, akakata kushoto kuelekea kituo cha tramu, na alipofika mahali dirisha lisipomwona alikaa ukingoni mwa barabara na kulia kwa sauti, watu wakipita.

* * *

Alhamisi ile alipoondoka, walimwambia Bi Leokadia kwamba amekwenda kumsalimia mama yake. Bibi alimfungia mkate na mayai sita ya kuchemsha, akamwonya asizungumze na watu wa treni. Tasnifu ilibaki kwenye kompyuta, ukurasa wa tisini na nne, kwenye sentensi isemayo kwamba nyumba ilikutwa tupu. Begimai hakuifuta wala hakuirekebisha. Profesa Radwan alimwandikia ujumbe mrefu wa kusikitika, na baada ya miezi miwili ujumbe mfupi.

Septemba ilipofika, mji ulijaa wanafunzi wakitafuta vyumba. Halina alihitaji kodi ile, na mara mbili alileta watu waje kukiona chumba cha nyuma. Mara zote mbili mama yake aliwahi mlangoni, kofia ya sufu kichwani, mkono mmoja kwenye fremu. Wa pili alikuwa msichana wa Kigeorgia mwenye mabegi mawili, amechoka, akiongea Kipolandi cha kujifunza jana.

"Hakuna nafasi," Bi Leokadia alimwambia kwa upole. "Kile chumba kina mtu. Ameandikishwa, nimetia saini mwenyewe." Akafunga mlango.